Dakika Sita Katika Kopo la Biskuti

Mheshimiwa Meya wa Skelby, uliyevaa mkufu wako wa umeya na kuja ingawa mvua haijakatika tangu asubuhi. Bi Pauline Garside, Mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Jasusi Thrale. Ndugu wajumbe wa kamati. Wazazi, walimu na wageni waalikwa. Na wewe Bwana Clifford Ogden, ambaye leo umeketi huku chini pamoja nasi badala ya kule juu kwenye chumba chako cha mtambo, na kwa hiyo unaonekana kama mtu aliyeshuka basi kwenye kituo kisicho chake: nawasalimu nyote kwa heshima.

Naitwa Tamsin Oldroyd. Nina miaka kumi na mitano, na ndimi mwanachama mdogo kuliko wote. Kamati imeniomba nitoe neno la kumuaga Bwana Ogden, anayestaafu leo baada ya kuonyesha filamu katika sinema hii ya Empress kwa miaka hamsini na mmoja. Niliagizwa mambo matatu: niseme kwa dakika tatu, nishukuru, na nisimtaje yule mnyama. Niliandika hotuba hiyo. Mwalimu wangu, Bi Pickersgill, aliisoma akaniambia, "Tamsin, haina kosa hata moja. Ni kama chai ya hospitali." Basi nimeandika nyingine.

Sote tunajua kwa nini leo hakuna keki. Zipo sandwichi za mayai, na birika kubwa linachemka pale mlangoni kama kawaida, lakini keki hakuna. Na kile kibao cha shaba chenye jina la Bwana Ogden, ambacho kilitakiwa kiwe kimeshapigiliwa kwenye kiti cha saba, safu ya F, kiko ndani ya mkoba wa Bi Mwenyekiti. Filamu ya leo ikiisha, wanachama mtanyoosha mikono kuamua jambo moja. Je, kibao kipigiliwe, ili kiti kile kiwe chake mpaka mwisho wa maisha yake? Au baada ya miaka hamsini na mmoja aende nyumbani na Mwiko?

Wageni wetu huenda hawaujui Mwiko. Ni mwiko wa kupikia uliokuwa wa mama yake Bi Garside, na bado una doa la kastadi. Kila Novemba, tangu mwaka wa 1979, chama hiki hukutana kuhukumu filamu za Jasusi Dominic Thrale, ambazo sasa zimefika ishirini na mbili, na uamuzi wa kijinga kuliko yote hupewa Mwiko. Hatuwachukii waliozitengeneza. Tunawapenda, ndiyo maana hatuwasamehe. Filamu ya nne ilipata Mwiko kwa sababu adui alitaka kuiba maji kupwa na maji kujaa, na sisi ni watu wa pwani, tulijua hana pa kuyaweka. Ya sita ilipata kwa ajili ya mashua isiyoonekana, ambayo makasia yake yalionekana vizuri sana. Ya kumi na tatu ilipata mara tano kwa masharubu ya Thrale, yaliyokuwa manene akiwa barabarani na membamba akiingia ndani. Bwana mmoja wa safu ya D, ambaye simtaji lakini amevaa sweta ya kijani, alisimama mwaka jana akasema, "Mimi naomba masharubu yapewe Mwiko wa kudumu, tupumzike."

Lakini filamu ya tisa haijawahi kupigiwa kura hata moja hapa Skelby. Hii ndiyo filamu tunayoionyesha kila mwaka baada ya hukumu, kutoka kwenye mkanda wa zamani ambao kampuni ilisahau kuja kuuchukua. Mnaijua kwa moyo. Thrale anatoroka ngome ya adui kwenye theluji, lango linafungwa nyuma yake, halafu papo hapo tuko hospitalini London, naye ameinama kando ya kitanda cha Bi Prudence, yule mama mtunza mafaili aliyemchemshia chai katika filamu nane zilizotangulia. Bi Prudence anamtazama begani, pale penye manyoya meupe, anayaokota kwa vidole viwili, anatabasamu, anafariki.

Niliiona nikiwa na miaka saba, nikalia mpaka mama akanipa leso yake na shali yake. Nimelia kila mwaka tangu hapo.

Na yale manyoya meupe, ndugu wageni, yametusumbua sana. Yametoka wapi? Mwaka wa 1994 Bi Garside aliandika makala ya kurasa kumi na mbili katika jarida la chama, akieleza kwamba ni uzee unaomshukia Thrale kabla ya wakati wake. Wengine walisema ni theluji ambayo mkurugenzi hakutaka iyeyuke, kwa sababu huzuni haiyeyuki. Mimi nilikuwa upande wa Bi Garside. Makala yake niliisoma mara nne.

Mwezi wa tisa chama kilinichagua niende Birmingham, kwenye mkutano wa wapenzi wa Thrale wa nchi nzima, nikaitetee filamu ya tisa. Niliketi wiki mbili nikiandika. Kisha nikasimama mbele ya watu mia mbili, nikasema kwamba ndiyo filamu pekee ya Thrale isiyo na uamuzi hata mmoja mbaya, na nikaanza kueleza maana ya manyoya.

Bwana mmoja wa Coventry, mwenye tai ya mistari, akainua mkono. "Samahani, binti. Huko kwenu mnaangalia filamu gani?"

"Ya tisa, bwana."

"Basi hayo manyoya ni ya dubu, mwanangu."

"Dubu gani?"

Sijawahi kusikia watu mia mbili wakicheka kwa pamoja namna ile. Mama mmoja aliyekuwa nyuma akawa anasema, "Jamani, hajamwona dubu. Mwacheni, msimharibie." Wanaume wawili wenye suti walisimama kati ya viti, wakashikana viuno, wakanichezea dansi. Ndipo nikajua kwamba Thrale akishatoka langoni hujificha ndani ya ngozi ya dubu mweupe, kwamba dubu jike wa kweli anampenda, na kwamba wanacheza dansi juu ya barafu, kwa kinanda cha mkono, dakika sita. Kote Uingereza tukio hilo linahesabiwa kuwa uamuzi mbaya kuliko yote katika filamu zote ishirini na mbili. Skelby peke yake haikuwa na habari.

Niliporudi sikwenda nyumbani kwanza. Nilikuja hapa, nikapanda ngazi. Bwana Ogden alikuwa na ndara zake na chupa yake ya vitunguu vya siki.

"Bwana Ogden, yupo dubu?"

"Alikuwepo," akasema.

Akapanda kiti, akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na mkanda umeviringishwa vizuri.

"Ijumaa ile ya kwanza niliionyesha kama ilivyokuja," akaniambia. "Dubu akacheza, watu wakacheka, vinywaji vikamwagika. Sawa, wamelipa, wacheke. Kisha Bi Prudence akaanza kufa, na wao bado wanacheka. Yule mama anakufa vizuri vile, na watu wanashika mbavu. Jumamosi asubuhi nikachukua mkasi. Jumamosi hiyo hiyo nilisikia ukumbi mzima ukipenga kamasi."

"Na ulipanga kuirudisha lini?"

"Jumatatu. Kabla kampuni haijaja kuchukua mkanda."

"Ikawaje?"

"Hawajaja mpaka leo."

Hiyo ilikuwa miaka thelathini na minane iliyopita. Nilimwambia ilimpasa anieleze kabla sijaenda Birmingham. Alifunga chupa yake ya vitunguu, akaifungua tena. "Nimekuona kutoka kwenye kitundu hiki tangu ulipokuwa mdogo," akasema. "Kila mwaka unalia pale pale. Ningekuambiaje?"

Sisemi kwamba alifanya vyema. Filamu haikuwa yake, na aibu ya Birmingham niliibeba mimi. Lakini naomba niulize swali ambalo kamati haikuniagiza niulize. Inawezekanaje? Filamu hii imeonyeshwa kwenye televisheni kila Krismasi. Inauzwa. Inawezekanaje mji mzima ukose kumwona dubu kwa miaka thelathini na minane?

Jibu la heshima ni kanuni yetu ya kwanza, ile iliyoandikwa na waanzilishi: Thrale hatazamwi sebuleni. Thrale ni wa ukumbini, taa zimezimwa, tukiwa pamoja. Mwanachama atakayemtazama nyumbani ataosha vikombe vya chama mwaka mzima. Na tangu chama kianzishwe hakuna mtu aliyeosha kikombe kwa kosa hilo, jambo ambalo tunajivunia, na ambalo mimi niliamini.

Jumanne iliyofuata niliitwa mbele ya kamati kutoa taarifa. Nilianza polepole, kama tunavyofundishwa. Nilisema, "Yupo mnyama katika filamu ya tisa." Hapo nikanyamaza nigeuze ukurasa. Bi Mwenyekiti akasema, "Hakuna dubu yeyote katika filamu ile."

Bi Garside, mimi sikuwa nimetaja dubu.

Naomba mnivumilie, nimebakiza kurasa mbili. Nilikwenda nyumbani nikamuuliza baba yangu, ambaye ameketi pale karibu na nguzo. Baba akaangalia sufuria ya viazi muda mrefu, akasema, "Nilikuwa na mafua, Tam. Sikuweza hata kufika kwenye kidude cha kubadilishia chaneli." Baba, nilikusomea hotuba yangu ya Birmingham jikoni, yote, pamoja na sehemu ya manyoya. Ulisema iko sawa kabisa.

Sasa nawaomba wanachama jambo moja, bila hasira. Aliyewahi kumwona yule dubu nyumbani, kabla sijaenda Birmingham, anyooshe mkono.

Asante, Baba. Asante, bwana wa sweta ya kijani. Asanteni wale wawili wa safu ya B. Mheshimiwa Meya, wewe si mwanachama, unaweza kuushusha. Asanteni. Naona na nyuma huko. Bi Garside, sikulazimishi, najua mkoba ni mzito. Asante sana, Bi Garside.

Nimehesabu ishirini na tisa, na tumo arobaini.

Basi haya ndiyo ninayoyaona kutoka hapa mbele. Bwana Ogden alificha dakika sita, na ninyi ishirini na tisa mkamsaidia kuzificha, kila mmoja akidhani yuko peke yake, kwa sababu kumtaja dubu ni kukiri kwamba mlimtazama sebuleni mkiwa na soksi. Bi Garside alijua makala yake imekosea, akavumilia kupongezwa. Kisha mkamchagua mtu mmoja aliyeshika kanuni, mkampandisha treni ya Birmingham. Na sasa mnasema ni Bwana Ogden aliyewafanya wajinga.

Kila Novemba tunasema, "Laiti wangekata pale." Tumesema hivyo juu ya masharubu, juu ya mashua, juu ya harusi ile ya filamu ya kumi na saba inayochukua nusu saa. Mtu mmoja tu kati yetu alikuwa na mkasi. Je, alikuwa na haki? Sijui. Ila kama mwamuzi, alikuwa hodari kutuzidi wote, au alikuwa mzembe wa kutisha, na lipo jambo moja tu linaloweza kutuambia ni lipi.

Jambo lenyewe liko juu, kwenye mtambo. Alhamisi Bwana Ogden aliuunga mkanda upya. Ilimchukua dakika kumi. Kopo la biskuti sasa lina biskuti, nimelileta, karibuni. Leo, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, Skelby itamwona dubu pamoja, taa zikiwa zimezimwa, kama kanuni inavyotaka.

Na hukumu yangu naomba iwe hivi. Yeye mwenyewe ameikubali. Dubu akishacheza, tutafika kwenye kitanda cha Bi Prudence. Tukimlilia kama siku zote, basi mkasi wa Bwana Ogden haukuwa na kazi, alituibia dakika sita bure, na apewe Mwiko wake, ataupokea bila neno. Lakini tukimcheka Bi Prudence, tukishindwa kujizuia pale anapookota yale manyoya, basi aliona sawa tangu siku ya kwanza, na kile kilio chetu cha miaka yote ni yeye aliyetupa. Hapo Bi Garside atafungua mkoba. Nyundo iko chini ya meza ya sandwichi.

Mimi sijamwona dubu. Ningeweza kumtazama nyumbani tangu niliporudi, na Baba alinikaribisha, tena kwa unyenyekevu. Nimeshika kanuni. Kwa hiyo leo nitakuwa pamoja nanyi, safu ya F, kiti cha nane.

Bi Prudence nimemlilia mara nane, na sipendi kitu chochote katika filamu zote ishirini na mbili kama ninavyompenda yeye na vidole vyake viwili. Nimefikiri sana juu ya hilo wiki hii. Bwana Ogden, natumaini leo nitamcheka. Natumaini nitacheka kwa sauti, mahali pabaya kuliko pote, na kwamba utanisikia vizuri kutoka kiti cha saba.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na kwa ile mikono ishirini na tisa. Vikombe vitaoshwa kwa zamu, orodha iko karibu na birika. Sasa naomba taa zizimwe.