Mkono wa Mjane

Jumatano, 30 Januari 1963, ukungu mzito. Treni ya kwenda mji wa Ranaghat ilijaa watu wa sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu wa Wahindu, siku ambayo mtoto hushikwa mkono akaandika herufi yake ya kwanza.

Katika behewa la wanawake Khiroda, muuza samaki, alimuuliza bibi aliyempakata mjukuu, "Mama, mtoto anapelekwa kwa nani?"

"Kwa Hemnalini Sarkhel, yule mwandishi. Mwanangu hunisomea vitabu vyake, nalia mpaka basi. Mumewe anafanya kazi gani?"

"Mume? Yule ni mjane tangu utotoni."

Bibi akamkumbatia mtoto. "Mjane, siku ya heri kama leo? Ana nuksi! Tukifika, narudi na treni ya kwanza."

Khiroda akamgeukia. "Wakwe zake walisema hivyo hivyo. Wakamfungia jikoni, akajifunza kuandika kwa mkaa sakafuni. Leo ana shule, na vitabu vyake vinakuliza. Kama hiyo ndiyo nuksi, mama, nigawie na mimi!"

Behewa zima likacheka.

"Chekeni tu. Mtoto akipatwa na jambo?"

"Mimi alinishika mkono huu akanifundisha herufi, jioni, ukinuka samaki. Leo sala zangu nazisoma mwenyewe. Namshukuru Mungu."

Bibi akautazama mkono ule. Treni iliposimama Ranaghat, akainuka.

"Nyote mnanisikia? Mjukuu wangu atashikwa mkono na mjane yule. Akimaliza, nitampa na mkono wangu."