Mwalimu Turudie na Uso wa Nyuma ya Kompyuta

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nafundisha darasa la kwanza, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nitasoma polepole, kwa kuwa yeye hakupenda mtu aachwe nyuma.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya bati nyuma ya stesheni, akiwa kifungua mimba wa baba fundi wa reli na mama muuza mkaa, sisi wengine watatu tukafuata. Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1981, akasomea ualimu, akafundisha watoto hesabu kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kusoma hadi shahada ya pili, na Septemba 1994 akaajiriwa chuoni kuwa mhadhiri wa takwimu, kazi aliyoifanya mpaka maradhi yalipomshinda nguvu.

Tarehe 7 Desemba 1991 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Darasani alikuwa na mtindo wake. Hakuwauliza wanafunzi kama wameelewa, maana alisema mtu mzima akiulizwa hivyo huitikia ndiyo hata kama yuko gizani, bali alichagua uso mmoja wa viti vya nyuma, akautazama, na ulipokunjamana alifuta ubao akasema, "Turudie kidogo," hata wanafunzi wakamwita Turudie, na jina hilo likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mwaka 2020 masomo yalihamia kwenye kompyuta, wanafunzi wakazima kamera ili kuokoa bando, kaka akabaki kufundisha viboksi vyeusi. Bila uso wa kutazama hakujua pa kusimama, akawa anakimbia kama anayefukuzwa, na mwisho wa muhula, mfumo wa chuo ulipokusanya maoni ya wanafunzi, alama zake za utendaji kazi zilikuwa za chini kuliko zote katika idara. Mkuu wa idara alimwita, akamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, muhula ujao ukirudi hivihivi, itabidi nikutoe kwenye kufundisha, usimamie mitihani tu." Siku hiyo kaka hakugusa chakula, kwani kwake kutolewa darasani kulikuwa ni kuzikwa akiwa hai.

Muhula mpya ulipoanza alimwomba wifi aache cherehani, maana ina kelele, achukue kazi ya kushona kwa mkono, akae nyuma ya kompyuta, mbele ya macho yake. Wifi akacheka, "Baba watoto, mimi na takwimu wapi na wapi?" Akajibiwa, "Takwimu niachie mimi, wewe niletee uso tu." Basi muhula mzima alifundisha akimtazama mkewe, wifi akikunja uso yeye anarudia, akitulia anaendelea, na kuna siku wifi alijidunga sindano, uso ukakunjamana kwelikweli, somo la wastani likarudiwa mpaka wifi mwenyewe akalijua, na wanafunzi wakaandika kwamba hapo ndipo walipoelewa.

Alama zilipanda, akabaki darasani, na wenzake walipomuuliza anatumia programu gani, alisema, "Yangu inashona vifungo." Tusiseme mashine ilimwonea, kwani kwa mashine hiyohiyo alimfikia hata mwanafunzi aliyekuwa akinyonyesha mbali na chuo, ila hakuiweza mpaka alipoitafutia uso.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa, akaruhusiwa, akaendelea kufundisha kwa kompyuta nyumbani akiwa ameegemea mito, wifi yuko miguuni pake na sindano yake, hadi Januari alipolazwa tena. Tarehe 3 Februari 2025, asubuhi, alimweleza wifi taratibu namna atakavyoishi na watoto baada yake, kisha akamtazama usoni. Wifi ameniruhusu niseme hili: alikuwa ameelewa kila neno, lakini alikunja uso. Kaka akatabasamu, akasema, "Turudie kidogo," akaanza upya, na hakufika mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotuchotea maji na kutufungia turubai, mkuu wa idara na wahadhiri wenzake mliokuwa mkipokezana kumjulia hali, na ninyi wanafunzi mliojaa hapa mpaka barabarani, ambao wengi wenu aliwajua kwa sauti tu, laiti angewaona leo.

Kaka, nyuso zote ulizozitafuta zimekuja, na zimekunjamana, hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa, lakini safari hii usirudie, pumzika kwa amani.