Jina Langu Katika Video ya Mzee Ofumbi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wilaya, uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki, Bwana Mganga Mkuu wa Wilaya, Sista Damalie Mangeni, mkuu wa kituo hiki, na wauguzi wako wote, Mchungaji, wajumbe wa kamati ya kituo, na zaidi ya wote, mzee wetu Geoffrey Ofumbi tunayemuaga leo, pamoja na mke wako Joanita na ndugu waliofunga safari kutoka Nabuyoga: mulembe, amani iwe nanyi. Jopadhola mnisamehe. Kila nikijaribu salamu yenu mnacheka, kwa hiyo nawasalimu kwa Kiswahili, lugha ambayo sisi watu wa mpakani tunauziana nayo, tunagombana nayo na kupatana nayo. Hamjambo?

Mimi naitwa Barbara Taaka. Wengi mnanijua kwa mukene, zile dagaa ninazotoa ziwani Majanji na kuuza soko la Busia. Sista Damalie aliponiomba niseme leo kwa niaba ya wagonjwa, nilimwuliza, "Sista, una uhakika? Si mimi ndiye niliyemshtaki huyu mzee?" Akanijibu, "Ndiyo maana nakutaka wewe."

Basi nimesimama. Na kwa kuwa nimesimama, nitasema yote.

Mzee Ofumbi amekaa dirisha la rejista la kituo hiki miaka thelathini na moja. Nani hapa hajawahi kufika na kadi iliyolowa mvua, maandishi yamefutika, naye akaitazama kidogo, akaenda moja kwa moja kwenye kabati na kurudi na faili lako? Lakini alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuna aliyemtuma. Saa saba mchana, wengine wakila, yeye alimeza chakula chake upesi, akaenda nyuma ya stoo, akafunga simu yake kwa bendeji kwenye stendi ya dripu iliyovunjika mguu mmoja, akatengeneza video. Video za nini? Za michezo ya hesabu, na za programu alizoandika mwenyewe kwenye kompyuta yake kuukuu, kwa Kiswahili, kwa raha yake tu. Watazamaji wake hawakufika elfu mbili: walimu, wanafunzi, madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka.

Mimi nilimjua mwaka juzi, baada ya Pasaka. Nilikuwa nimekohoa wiki sita. Nilipita vituo vyote vya mjini Busia bila kuingia, kwa sababu mjini najulikana, nikaja huku ambako sijulikani. Nilipofika dirishani mikono yangu ilitetemeka. Akaniona. Hakuniuliza nina nini. Akaniuliza, "Mama, umezaliwa mwaka gani?"

Nikasema, "Themanini na tatu."

"Elfu moja mia tisa themanini na tatu. Panga hizo namba kutoka kubwa mpaka ndogo. Halafu ndogo mpaka kubwa. Toa. Ukipata jibu, fanya vilevile tena."

Akanipa karatasi na kalamu. Nilipiga hesabu kwenye foleni, nikakosea, nikafuta, nikarudia, na baada ya hatua saba nikafika 6174, na kila nilipoipanga na kutoa ikarudi 6174 ileile. Nikainuka nikamwonyesha. Akacheka. "Sasa jaribu mwaka wa mama yako. Utafika hapohapo." Nawaambieni, kwa nusu saa ile sikufikiria kifua changu hata kidogo.

Nilikuwa na kifua kikuu.

Naona wateja wangu wawili pale nyuma wanatazamana. Kaeni, msinyanyuke. Nilimeza dawa miezi sita bila kuruka siku, nimepimwa, nimepona, na Sista yupo hapa anikanushe kama nadanganya. Lakini siku zile, nani angeweza kunifanya niseme neno hilo sokoni? Mtu anayeuza chakula, mwenye kifua kikuu? Waliojua walikuwa watatu: Sista, muuguzi wa dawa, na mzee Ofumbi aliyeandika rejista.

Nikaanza kutazama video zake. Hata zile ambazo sikuzielewa nilizitazama mpaka mwisho, kwa sababu sauti yake haina haraka. Mwezi wa saba, mchana, nikiwa mezani pangu sokoni, akatoa video mpya: kwa nini foleni haiishi? Alikuwa ameandika programu inayotunga wagonjwa mia tatu wasiokuwepo, ikampa kila mmoja jina, umri, ugonjwa na saa ya kufika, halafu unaona foleni inavyokua kwenye dirisha moja, na inavyopungua kwenye madirisha mawili. Orodha ikawa inapita kwenye kioo. Nikairudisha nyuma, nikaisimamisha.

Mia mbili kumi na tisa. Barbara Taaka. Miaka arobaini na mmoja. Kifua kikuu.

Ndugu zangu, jina langu, umri wangu, ugonjwa wangu. Jirani yangu Apolot, anayeuza nyanya, akaniuliza, "Mama Taaka, wewe uko sawa?" Nikasema ni jua.

Kesho yake nilikuwa hapa mapema. Niliweka simu mezani kwa Sista na sikuketi. Sista hakuwa na la kufanya isipokuwa alilofanya: alimwondoa mzee dirishani, akafungia kompyuta yake kabatini, akamwambia angoje nyumbani mpaka kamati ikae. Mimi sikumwambia mtu mwingine, lakini habari hazikuhitaji mdomo wangu. Ndani ya siku mbili watu wa hapa Lumino walikuwa wanasema karani wa kituo anatangaza magonjwa ya watu kwenye mtandao. Wengine waliacha kuja kuchukua dawa. Mwanamume mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliyetunza siri za watu wa huku miaka ishirini na tisa, alipita njiani watu wakimpa mgongo. Wiki tatu nzima. Na mimi, mwenye haki yangu, sikupata usingizi hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyenipa kalamu nilipokuwa natetemeka ndiye niliyeamini ameniuza.

Kamati ilikaa chini ya paa lile pale. Mwenyekiti wake wakati ule alikuwa mzee Oguttu, yule pale mwenye kofia. Akamwuliza, "Ofumbi, hii jina umetoa wapi?"

"Mzee, kompyuta iliokota."

"Iliokota wapi? Kwa rejista?"

"Hapana. Mimi niliandika majina ishirini ya kwanza, na mengine ishirini ya ukoo. Majina ya watu wa huku. Kompyuta inashika moja hapa, moja pale. Umri pia, ugonjwa pia. Inashika tu."

"Inashika tu. Na ikashika huyu mama, na miaka yake, na ugonjwa wake mwenyewe. Ingekuwa wewe umekaa hapa kwangu, ungekubali?"

Mzee Ofumbi akasema, "Nisingekubali."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kusitasita. Mwongo angesema angekubali.

Akaendelea polepole. Alisema kompyuta haishiki ovyo kama tunavyodhani. Unaipa namba ya kuanzia, na ukiipa namba ileile, inashika vitu vilevile kwa mpangilio uleule, hata ukiirudia mara mia. Yeye siku zote huanza na 6174. Na programu hii haikuwa mpya. Aliwapa watazamaji wake mwezi wa kwanza waichezee, halafu kazi zikambana, video yenyewe ikachelewa mpaka mwezi wa saba. "Kuna mwalimu Awor wa Tororo," akasema. "Anafundisha kompyuta. Aliichukua mwezi wa kwanza uleule. Muulizeni kama bado anayo."

Mzee Oguttu akapiga simu palepale. Mwalimu Awor alikuwa nayo. Akasema anakuja.

Tulingoja karibu saa tatu. Joanita alikuwa nje kwenye benchi na kikapu cha chakula ambacho hakuna aliyekigusa. Nilitoka mara moja, macho yetu yakakutana, nikarudi ndani.

Mwalimu alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, kompyuta yake kifuani. Mwalimu, simama watu wakuone. Huyo. Kompyuta ile haikuwa imewahi kuingia kituo hiki. Akatuonyesha tarehe: kumi na nne, mwezi wa kwanza. Akatusomea programu mstari kwa mstari, kama anavyowasomea watoto darasani: haya majina ya kwanza, Barbara yumo, haya ya ukoo, Taaka yumo, na Mangeni, na Oguttu, na Awor mwenyewe, hapa umri, hapa magonjwa sita. Hakuna mahali jina langu limeandikwa zima. Kisha akaandika 6174 na kubonyeza.

Orodha ikashuka. Mia mbili kumi na saba. Mia mbili kumi na nane. Mia mbili kumi na tisa: Barbara Taaka, arobaini na mmoja, kifua kikuu.

Sista akafungua rejista. Siku yangu ya kwanza hapa ilikuwa mwezi wa nne. Mzee Oguttu akanigeukia. "Barbara, mwezi wa kwanza ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mzee. Mwezi wa kwanza nilikuwa nabeba magunia mwenyewe."

"Sasa hii mashine ilijuaje?"

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, mzee Ofumbi alinitazama mimi. "Mama Taaka, hii kitu haikujui. Haijui mtu. Mimi niliweka majina ya watu wa huku, nikatunga watu mia tatu. Sasa kupatia mtu wa kweli haikuwa mbali. Kosa langu ni hiyo. Ningeweka majina ya miti, usingelia."

Kweli nilikuwa nalia, na sikuwa nimejua.

Mwalimu Awor akabadilisha namba ya kuanzia, orodha nyingine ikatoka. Safari hii alikuwepo Barbara Mukhwana wa miaka sitini na saba mwenye jeraha la mguu, na Geoffrey Oguttu wa miaka ishirini na miwili mwenye malaria. Mzee Oguttu akavua kofia. "Angalau mimi imenirudishia ujana," akasema. Chumba kizima kikacheka, Joanita akachungulia mlangoni kuona kumetokea nini, na alipoona mume wake anacheka, akaketi chini palepale kizingitini.

Je, mnajua raha ya kugundua kwamba hukusalitiwa? Nilikuwa nimebeba mzigo wiki tatu, ukaanguka mara moja, miguu ikawa haijui itembee vipi bila mzigo. Nilimwendea nikampigia magoti, akanishika mkono akaninyanyua, akasema, "Mama, ulifanya sawa. Siri ikivuja lazima mtu aulize."

Wiki ileile alirudi dirishani. Kamati iliwatangazia watu ukweli bila kunitaja, na waliokuwa wameacha dawa wakarudi. Na ile video ya foleni haikwenda bure: aliitengeneza upya, wagonjwa wakiwa na namba badala ya majina, Sista akaitazama mara mbili, akafungua dirisha la pili. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa upo, dirisha hilo halina mtu siku ya Jumatano. Nimemaliza hapo.

Lakini baada ya hiyo moja hakutengeneza video tena. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita. Mchana alikula polepole kama watu wengine. Nilipomaliza dawa na Sista akaniambia niko safi, nilifunga mukene nzuri, nikaenda Nabuyoga. Joanita alinipokea vizuri, ila alininong'oneza mlangoni, "Mwongeleshe yote, lakini video usiguse. Amefunga hiyo."

Nikaigusa. Nikamwambia, "Mzee, tengeneza moja ieleze mambo kama yale yangu yanatokeaje. Watu waache kuogopa."

"Siwezi kutaja mtu tena, mama."

"Usinitaje. Chukua video ya mikono tu."

Joanita, aliyekuwa amenikataza, akaingia ndani akarudi na kalenda ya kanisa, akaitandaza mezani.

Mliiona video hiyo, najua. Najua kwa sababu imetazamwa kuliko nyingine zote za mzee, hata Mchungaji ameitumia kwenye semina ya vijana. Kuna kalenda mezani, na mikono ya mwanamke inaweka punje za mahindi, punje moja kwa kila mwanamke wa soko la Busia, juu ya siku aliyozaliwa. Mnadhani itachukua watu mia mpaka punje mbili zikutane siku moja. Zikakutana kwenye punje ya kumi na tisa, mikono ikaruka kwa mshangao, na sauti ya mzee ikasikika ikicheka. Watu wameuliza mara nyingi: mikono ya nani? Mzee Ofumbi hajamjibu mtu. Sista alimuuliza, hakumjibu. Mwalimu Awor alimuuliza, hakumjibu.

Mikono ile ni yangu.

Mzee Ofumbi, ungeweza kujisafisha kwa kulitaja jina langu siku yoyote, nawe ukanyamaza, ukaniachia niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku niliyoichagua. Nimeichagua leo. Nenda Nabuyoga ukapumzike, ucheze na namba zako asubuhi na mchana, na ukihitaji mikono unajua meza yangu ilipo. Nanyi mlionivumilia juani mpaka neno la mwisho, Mungu awabariki. Asanteni sana kwa masikio yenu.