Siku Mabega Yangu Yalipokuwa Makavu

Ndugu zangu, kwa karibu mwezi mzima swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: je, pikipiki kubwa ya mashindano inaweza kumfikisha daktari wa mifugo kazini kila siku, jua na mvua?

Naona wengine mnatabasamu. Sawa. Mtu akisimama hapa mbele kutoa ushuhuda mnategemea kusikia habari za pombe au za ugonjwa, na mimi nawaletea pikipiki. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu pikipiki hiyo ilifanya mama mmoja mjane aitwe mwongo, na mwongo nilikuwa mimi.

Sitataja jina la mtu. Mama mwenyewe nilimwomba ruhusa, akasema, "Sema yote, ila mimi usinitaje."

Nilimaliza chuo Morogoro miaka ile serikali ilipokuwa imeanza kupunguza wafanyakazi. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza masomo wanakuta barua ya kupangiwa kazi inawasubiri. Sisi tuliambiwa tujiajiri. Nikarudi kwa baba, Kibakwe, nikakaa miezi nikiandika barua za maombi ambazo hazikujibiwa. Mwishowe baba akaniita. Akasema, "Wewe ni daktari wa ng'ombe, na ng'ombe wamejaa Dodoma nzima. Unamsubiri nani akuruhusu?" Akauza sehemu ya mifugo yake ili nipate dawa za kuanzia na chombo cha kunifikisha vijijini.

Hapo ndipo tatizo langu lilipoanza. Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitumwa sabuni naweza kusimama dukani nikilinganisha vipande mpaka mwenye duka aniulize kama naumwa. Na ninyi mnakumbuka, zamani hakukuwa na cha kuchagua. Kikija kitu dukani unapanga foleni, unachukua kilichopo, unashukuru. Sasa milango ilikuwa imefunguliwa, pikipiki za mtumba za kutoka Japani zimepangwa barazani Uhindini, Dodoma mjini, kama viatu. Nadhani sisi ndio kizazi cha kwanza kuumizwa na kuchagua.

Kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kulikuwa na pikipiki mbili nilizozimudu. Ya kwanza ilikuwa ndogo lakini ya kimo cha juu, tairi zake zina meno, madigadi yamenyanyuka juu, rangi imechubuka kwa sababu ilikuwa imetumika kwenye mradi wa maji. Ya pili ilikuwa nyekundu. Injini yake ilikuwa na nguvu karibu sawa na gari dogo, tairi pana na laini, vishikio viko chini hivi kwamba unaiendesha umelala kifudifudi, na plastiki inayong'aa imeifunika ubavu mpaka karibu na ardhi. Ilikuwa ya zamani na hakuna aliyeitaka, ndiyo maana bei zilikaribiana.

Nilikwenda kuziangalia siku tano mfululizo nikiwa na daftari. Niliandika kwamba injini yenye nguvu haichoki, kwamba breki zake ni bora, kwamba tairi pana hushika barabara vizuri, kwamba kwa mwendo ule mvua haitanikuta. Ndugu zangu, nawaambia, kila nilichoandika kilikuwa kweli. Kilikuwa kweli juu ya lami. Ambalo sikuliandika ni kwamba wenzangu wachache waliopata kazi walikuwa wanapita na magari ya miradi, na mimi nilitaka nikipita mtu aseme, "Yule amesoma."

Yule mfanyabiashara hakunidanganya. Aliniuliza, "Bwana daktari, hii mashine ya lami. Wewe unakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Kila mahali."

"Kila mahali kuna lami?"

Nikampa maelezo marefu ya kitaalamu. Akanipa funguo.

Jirani yake ni fundi mmoja, mzee wa mjini ambaye babu zake walikuja huku na misafara ya biashara. Aliizunguka ile nyekundu, akainama, akapitisha kidole kati ya tairi na madigadi. Kidole kilipita kwa shida. Akasema, "Hii itakupeleka Morogoro chai haijapoa. Msalato hapo nje ya mji, sijui."

Kiangazi kilipita vizuri kiasi. Watu walijaa kuitazama. Tatizo lilikuwa ng'ombe. Mlio wake ulikuwa mkubwa, na nikikaribia boma ng'ombe walivunja zizi wakakimbilia porini, halafu tunashinda tunawatafuta wagonjwa. Mzee mmoja mfugaji aliniambia mbele za watu, "Daktari, mzime huyo simba wako huko huko barabarani uje kwa miguu. Ng'ombe wetu si viziwi." Walicheka. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuogopa, maana mawingu yalikuwa yanakuja.

Mvua za kwanza ziliniangusha mara mbili kwenye barabara ya Kondoa, ambayo wakati huo ilikuwa ya kokoto na vumbi. Sikuumia sana. Kilichoumia ni ujasiri. Nikaanza kuwaambia watu, "Mvua ikikatika nitakuja." Mnaelewa maana yake? Mnyama anaumwa saa hii, na mimi namwekea miadi na mawingu.

Sasa nije kwa mama huyu. Anaishi mbele ya Msalato, ndani kidogo, kupita korongo. Mumewe alikwisha kufariki. Hakuwa na ng'ombe wake. Alikuwa na ng'ombe wawili wa kukabidhiwa, na wengi humu mnaijua desturi hiyo: mwenye mifugo mingi anampa ndugu au jirani amtunzie, naye mtunzaji anakunywa maziwa na watoto wake. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe na kueleza kifo kilivyokuja. Neno lake likiaminika, hakuna ubaya. Lisipoaminika, anapokonywa waliobaki, na hakuna mwingine atakayemkabidhi hata mbuzi.

Asubuhi moja shemeji yake mama huyo, mdogo wa marehemu, alinikuta kwa fundi. Alikuwa amekuja kwa baiskeli chini ya mvua, amelowa mpaka meno yanagongana. "Daktari, ng'ombe anazaa tangu alfajiri. Mguu mmoja umetoka, mwingine hauonekani. Shemeji anakuomba uje sasa hivi."

Nikamwambia, "Tangulia, nakuja nyuma yako."

Akatangulia. Mimi nikabaki barazani. Nilipima upepo wa tairi. Nikawaza njia ya korongo ni fupi lakini ina tope, njia kuu ni ndefu lakini inateleza. Nikatoa daftari nikalinganisha. Fundi akasema, "Daktari, ng'ombe hajui kusoma hilo daftari."

"Nasubiri ipungue kidogo, mzee."

"Na ndama naye anasubiri?"

Nikarudi kwenye daftari. Mvua ilipungua saa nane mchana.

Mvua ikiwa imekatika kabisa, nikaondoka. Kabla ya korongo kuna mbuga ya udongo mweusi. Lile tope liliingia kati ya tairi na madigadi, mahali fundi alipopitisha kidole, likajaa, gurudumu likakataa kuzunguka. Injini yenye nguvu ya gari ikanguruma pale pale mpaka ikazimika. Nikaiacha imelala ubavu, nikatembea na mkoba wangu.

Nilipofika, ng'ombe alikuwa amekufa na ndama wake tumboni. Mama alikuwa ameketi karibu na kichwa cha mnyama. Hakunilaumu. Alisema tu, "Umefika, mwanangu."

Nami nikasema, "Shikamoo, mama. Ni matope. Nimekwama mbugani tangu asubuhi."

Shemeji yake aliniangalia, maana alipita mbuga ile ile. Mama naye aliniangalia, macho yakatua mabegani mwangu, halafu akainuka akaniletea maji ya kunawa. Akanipa ugali na mlenda. Nikala. Ndugu zangu, nimekula vyakula vingi vichungu, lakini sijawahi kula kama kile, nilichokila juu ya uongo wangu.

Nilirudi mjini nikajifungia. Wiki mbili sikugusa dawa, na pikipiki niliiacha imelala kule kule mbugani. Waliokuja kuniita niliwatumia ujumbe kwamba naumwa. Nilikuwa nawaza, na katika kuwaza kwangu nilifika mpaka kwenye swali la kijinga: je, ningenunua tairi nyingine, ng'ombe angepona?

Aliyenitoa ndani ni fundi. Alikuja mwenyewe, akabisha hodi, akakataa kiti. Akasema, "Mwenye ng'ombe alikuja kwangu. Yule mama alimpelekea ngozi akamwambia daktari alikwama tangu asubuhi. Mzee yule akaja mjini kuulizia. Dodoma nzima pikipiki nyekundu ya namna ile ni moja tu, hata anayeuza karanga aliiona barazani kwangu. Akaniuliza, nikamwambia kweli. Mimi na mvi hizi siwezi kudanganya kwa ajili ya pikipiki."

"Halafu?"

"Halafu amemchukua ng'ombe aliyebaki. Amesema mwanamke mwongo hatunzi mali yake. Watoto wanakunywa uji mkavu, bila maziwa."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye daftari. Nawaambia ukweli, nilitaka kuandika faida na hasara za kwenda kusema. Fundi akaweka kiganja chake juu ya daftari, kiganja chenye grisi, akakiacha pale. "Hili halina safu mbili," akasema. "Pikipiki yangu iko nje. Ni mbovu, lakini inafika."

Nikaichukua. Ilikuwa inanyesha manyunyu. Nilikwenda kwanza kwa mama, nikapiga magoti mlangoni kwake, nikasema, "Mama, siku ile sikukwama asubuhi. Nilikuwa barazani nikiogopa mvua."

Akasema, "Najua."

"Ulijuaje?"

"Shemeji yangu alifika amelowa kama aliyetolewa kisimani. Wewe mabega yako yalikuwa makavu."

Nikamuuliza kwa nini basi alibeba uongo wangu mpaka kwa mwenye ng'ombe. Akafunga kanga yake vizuri. Kisha akasema, "Ulikuwa unatetemeka. Nikasema moyoni, huyu mtoto tukimwaibisha hatarudi huku tena, na sisi hatuna daktari mwingine."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake, na yeye alijua, akasimama kunikinga.

Tulikwenda pamoja kwa yule mzee mwenye ng'ombe. Alikuwa na wanaukoo wake, wanaume watano au sita, wanasuka kamba. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

"Asubuhi yote ulikuwa wapi?" akauliza mzee, ingawa alijua.

"Barazani, mzee. Naangalia mvua."

"Unaangalia nini?"

"Mvua."

Mmoja akacheka kwa nguvu. "Msomi mzima! Serikali imemsomesha kuangalia mvua!" Wengine wakamfuata. Mzee hakucheka. Alimgeukia mama, akamwomba radhi mbele ya wote, kwa jina la mumewe marehemu. Kisha akanigeukia mimi. "Ng'ombe wake atarudi kesho. Wewe utarudi lini?"

Nilimwahidi mama kwamba nitamnunulia mtamba. Alikataa. "Ng'ombe hufa, hata wa madaktari. Mimi nataka ukiitwa uje."

Siku iliyofuata nilikwenda mbugani na watu wanne na jembe, tukaifukua ile nyekundu, nikaikokota mpaka kwa mfanyabiashara. Ile ndogo ya mradi bado ilikuwa barazani. Hakunicheka. Alisema tu, "Bwana daktari, mimi nilikuuliza." Nikamwambia, "Uliniuliza, nami sikusikia." Tukabadilishana funguo.

Sisemi pikipiki kubwa ni mbaya. Haikuwa na kosa. Ilitengenezwa kwa lami na mimi nikaipeleka kwenye tope ili nionekane. Ninyi vijana mnaochagua chombo, au kazi, au mchumba, ninachowapa ni hiki tu: usichagulie dukani sakafu ikiwa kavu. Nenda kasimame kwenye njia utakayopita, siku yake mbaya kuliko zote, uchagulie hapo. Na ukishakosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako.

Nawashukuru. Namshukuru baba, aliyesikia habari zote na kunijibu neno moja, "Endelea." Namshukuru fundi, ambaye hayumo humu kwa kuwa yeye husali Ijumaa, lakini alama ya kiganja chake mpaka leo iko kwenye daftari langu. Na mama, sikutaji, kama ulivyotaka.

Nimalizie na Jumanne iliyopita. Mvua ilianza alfajiri. Shemeji yake mama alifika na baiskeli, amelowa vilevile, akaanza kueleza. Sikumwambia tangulia. Baiskeli tuliiacha kwa fundi, nikampakia nyuma ya ile pikipiki ndogo, tukapita mbuga tukiteleza, tukaanguka mara moja, tukainuka. Tulipofika mama alikuwa mlangoni. Alininyooshea mkono, akanishika bega, akaukamua mkono wa shati langu, maji yakachuruzika.

"Haya," akasema. "Ng'ombe yuko kule."