Kiti cha Mwalimu Gudlaug

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni vikombe vyenu vya kahawa, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Gudlaug Tømmerås, tuliyemzika Ijumaa. Gudlaug alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hapa bondeni kwetu, Namdalen. Wengi mnaonisikia, kusoma kwenu kulianzia kwake.

Kando ya meza yake palikuwa na kiti kilichotandikwa ngozi ya kondoo. Mtoto mmojammoja aliketi pale, akamsomea. Gudlaug alikuwa akifuma soksi, macho chini, sikio kwa mtoto. Mtoto akikwama, sindano husimama. Akivuka, sindano huendelea.

Dada yake, Solbjørg, anasema: "Soksi zake zilijaa vifundo, kimoja kila sindano iliposimama. Ukimuuliza, anakwambia, hicho ni cha Roar, alikwama kwenye neno 'mlima'."

Roar huyo alikua, akawa mwalimu mkuu. Ndiye aliyeleta vishikwambi. Mtoto anavaa hedifoni, anasoma, mashine inasikiliza. Akipatia, nyota ya kijani. Akikosea, alama nyekundu.

"Gudlaug, sasa pumzisha masikio," Roar alimwambia. "Wewe zunguka tu, uangalie chaji."

"Chaji nitaiangalia. Na mtoto ataangaliwa na nani?"

"Ah, wewe na maneno yako!" Roar akacheka. Kiti kikapelekwa stoo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sisi wa bonde hili tukitaka kusema "mimi", tunasema "æ". Sauti moja tu, kama kondoo. Kitabuni wanaandika "jeg", kama wasemavyo watu wa Oslo, lakini watoto wetu tangu zamani wakiliona neno hilo husoma "æ", na Gudlaug hufuma tu. Mashine haikuijua "æ". Ikatoa nyekundu. Kila "æ", nyekundu.

Darasani alikuwemo Ragna, wa miaka sita. Kwanza akawa analiruka neno hilo. Kisha akaanza kusema kama watu wa Oslo, hata nyumbani, mbele ya viazi na samaki. Babu yake, Asbjørn, akamtania.

"Heh! Tangu lini mjukuu wangu kawa waziri?"

"Babu, usiseme 'æ'. 'Æ' ni kosa."

"Yaani mimi ni kosa?"

"Ndiyo, babu. Inatoka nyekundu."

Asbjørn alimsimulia Gudlaug dukani, huku akicheka. Gudlaug hakucheka. Kesho yake akakitoa kiti stoo, akakung'uta ile ngozi, akamketisha Ragna. Mtoto akasoma mpaka akalifikia neno lile. Akakwama. Sindano zikasimama.

"Soma kama mnavyosema nyumbani," Gudlaug akamwambia.

Ragna akatafuta kishikwambi kwa macho. "Nani ataniambia kama nimepatia?"

"Æ," akasema Gudlaug.

Ragna akatikisa kichwa, taratibu, kwa huruma. "Hilo ni kosa, mwalimu."

Wiki ile watoto walisomea kitini, na darasa la Gudlaug likakosa nyota. Roar akaja mwenyewe kukibeba kiti, kiti alichojifunzia kusoma. Gudlaug akabaki na nyaya za chaji mpaka alipostaafu. "Sindano hakuzishika tena," anasema Solbjørg. "Nilimnunulia sufu nzuri, ya kijivu. Ipo vilevile kikapuni."

Ijumaa, kanisani, aliyesoma zaburi ni Ragna. Sasa ni msichana mrefu. Alisoma kwa lafudhi ya Oslo, safi, bila kukwama popote. Babu Asbjørn aliinamisha kichwa. Solbjørg akanong'ona, "Soksi ya leo isingekuwa na kifundo hata kimoja." Akalia.

Solbjørg, nanyi nyote wa ukoo wa Tømmerås, poleni sana. Bonde zima limefiwa pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize ni nani anayewasikiliza watoto wetu. Jioni ya leo mketishe wako karibu, akusomee. Akikwama usimkimbilie. Simamisha sindano, ungoje.