Mama Linda wa Dirisha la Vizazi na Vifo

Mpendwa wetu Hermelinda Zúñiga Cordero, ambaye mji mzima wa San Jacinto Tepalcates ulimwita Mama Linda, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa tano wa mzee Crisóforo, mfyatua matofali, na Bi. Eufrasia. Alizaliwa kabla ya siku zake, na hadi mwisho hakumsamehe mtu aliyechelewa.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha akapelekwa kwa watawa huko Puebla kujifunza kupiga chapa. Watawa walimrudisha nyumbani mara mbili kwa kosa la kucheka kanisani, na mara zote mbili walimwita tena, maana vidole vyake vilikuwa moto.

Mwaka 1973 aliajiriwa karani katika ofisi ya usajili wa vizazi, ndoa na vifo, na tarehe 12 Juni 1976 akafunga ndoa humo humo na Leobardo Téllez, mpiga tarumbeta. Karani wa zamu hakutokea. Bibi harusi alizunguka kaunta na shela lake, akaandika cheti, akakigonga muhuri, kisha akarudi upande wa pili kutia saini. Bwana Leobardo husema siku hiyo ndipo alipojua ameoa serikali.

Kazi haikuwa lelemama. Mwaka 2008 aliletwa mkurugenzi mpya, Bwana Fulgencio Arriaga, ambaye yuko nasi hapa na ametupa ruhusa ya kusema haya. Aliweka mashine ya mahudhurio ya kusoma alama za vidole, akapiga marufuku kahawa ya pamoja, akaanzisha picha ya mfanyakazi bora wa mwezi. Miezi ya mwanzo alishinda yeye mwenyewe. Watu waliwahi, wakabonyeza vidole, kisha wakakaa tu wanatazamana. Mjane aliweza kusubiri cheti cha kifo wiki nzima huku mumewe yuko mochwari. Jambo hilo lilimliza Mama Linda.

Tarehe 6 Januari 2009 ofisi ilikata mkate wa Wafalme, ule mtamu wa sikukuu ya Mamajusi. Anayepata kidoli cha mtoto Yesu kilichofichwa ndani huwalisha wenzake tamale, vile vitonge vya unga wa mahindi vinavyopikwa ndani ya maganda, tarehe pili Februari. Vipande vikaisha, kidoli hakikuonekana. Mama Linda akamtazama mkurugenzi. Shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Bosi, jino linakusumbua?"

Bosi akatikisa kichwa.

"Basi hebu tusomee ratiba ya kesho, tusikie."

Mkurugenzi akajaribu kumeza, kikamkwama. Mama Linda akamshushia mgongoni kofi ambalo wengi walikuwa wakilitamani tangu aletwe, na kidoli kikarukia mezani.

"Haya jamani, bosi amejifungua salama! Nani yuko zamu ya vizazi?"

Ofisi ikaangua kicheko. Mkurugenzi naye akacheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu afike. Baadaye Mama Linda alimwambia pembeni, "Mwanangu, hawa si wavivu. Wamechoka kuchungwa. Lete tamale, ugawe kwa mkono wako, na uwaulize watoto wao hawajambo."

Alileta, za kuku na za pilipili, akagawa amevaa aproni ya mama yake. Kahawa ikarudi, picha ikashushwa. Kufikia Pasaka, cheti cha kifo kilitoka siku hiyo hiyo.

Mama Linda alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na katika wodi alijua kila muuguzi aliyenyimwa likizo yake, akamtetea kwa daktari. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 16 Machi 2025, katikati ya mapumziko marefu, wakati ambapo hata mlinzi wa ofisi hapatikani. Bila cheti hakuna maziko. Bwana Leobardo alikwenda kuketi kwenye ngazi za ofisi, hajui amwombe nani.

Hakumpigia mtu simu, lakini habari ilikuwa imeshasambaa. Kwanza alifika Bwana Arriaga na funguo. Kisha Otilia wa dirisha la ndoa, ametoka pwani na kandambili, mchanga miguuni. Kisha wengine wote. Hakuna aliyeagizwa. Waligombania kuandika cheti chake, mwishowe kila mmoja akaandika mstari mmoja, wakilia.

Ameacha mume, watoto wawili, Rutilio na Amparo, wajukuu watano, na ofisi nzima, iliyosimama hapa kaburini siku ya mapumziko.

Mungu ampe pumziko la amani. Mama Linda, wenzako wamesema tukuambie: kesho saa mbili kamili dirisha litakuwa wazi.