Kibuyu Kilirudi Kitupu

Joram, mboga uliyokula mchana wa leo jikoni kwa Wamucii, ukaomba uongezwe, ililainishwa na nini?

Usiangalie dari. Jibu bado liko mdomoni mwako. Ni magadi, yale yale ya bondeni uliyoyazungushia seng'enge na kuyawekea askari mwenye rungu, na Wamucii ameyatoa kwenye chungu changu cha mwisho, kwa sababu siku hizi mama yako mzazi akitaka magadi anaambiwa kwanza aonyeshe risiti. Kaa chini, Mheshimiwa Diwani, huu si mkutano wa baraza lenu, hapa hakuna kuahirisha. Winjuru, nyithinda. Sikilizeni nyote watatu, na nitasema kwa Kiswahili hiki changu cha soko la Kibuye, kwa kuwa Wamucii ameketi hapa na sitaki mtu aje kumfafanulia baadaye maneno yangu kwa namna inayompendeza huyo mfafanuzi. Enos, mwinue mama yako kidogo. Hivyo. Digrii yako imetundikwa pale ukutani, mende ndio wanaoisoma, lakini mikono yako angalau bado ina kazi.

Mjue kwanza mnachorithi. Mama yangu mzazi alichoma mafunjo ya ziwani, akachuja majivu yake kwa maji, na maji yale machungu ndiyo yaliyokuwa chumvi yetu. Kisha reli ikafika Kisumu, Wahindi wakafungua maduka, chumvi nyeupe ikaja na watu wakacheka majivu ya mama. Halafu vita vya pili vya wazungu vikaja, duka likakauka, na wale wale waliocheka wakateremka bondeni kwetu na vikapu, wakikwangua mwamba kwa kucha. Hakuna aliyeulizwa ametoka kwa nani. Sisi tunaita bala, Wamucii kwao wanaita munyu, wale wa milimani wana jina lao, na ng'ombe hana jina lolote, analamba tu. Mimi nimelainishia mboga za apoth na osuga kwa magadi yale, nimemtuliza Enos tumbo, nimewarudishia maziwa ng'ombe waliokuwa wamekauka. Lakini hayo ni matumizi. Maana yake ni nyingine.

Katika nyumba hii, watu wawili wakilamba magadi kutoka kiganja kimoja, mkuki kati yao umeisha. Hivyo ndivyo baba yenu Dalmas alivyofungamana na arap Chumo wa kule juu, wakati vijana wa pande zote mbili walipokuwa wakiibiana ng'ombe na kuzikana. Walilamba, na tangu hapo kila msimu kibuyu kikateremka kwetu na maziwa ya mgando, kikapanda kwao na magadi, na hakuna siku kilisafiri kitupu, hata mwaka wa njaa, hata baba yenu alipokufa. Mpaka juzi. Juzi vijana wa arap Chumo walileta ng'ombe, askari wako Joram akawapiga rungu langoni, mmoja amevunjika mkono, na jana kibuyu kikaletwa hapa na mwanamke wa kwao ambaye hakukubali hata maji. Nikakitikisa. Kilikuwa kitupu, tena kimeoshwa.

Mnaelewa maana ya kibuyu kilichooshwa? Wewe Joram unaelewa. Ndiyo sababu umekuja na gari la serikali mchana huu badala ya kusubiri Jumapili. Hukuja kuniona mimi. Umesikia kwamba kule juu wanakata mishale.

Maji, Wamucii. Asante, binti yangu.

Sasa sikilizeni baba yenu alivyopoteza mahali pale kwa kukataa kupachukua. Mwaka ule wapima ardhi walipokuja na minyororo yao, kila mtu alikuwa akikimbia kupanda miti ya ojuok usiku ili ua wake umeze wa jirani. Wakafika bondeni. Yule karani akauliza, "Mzee, hii ni ya nani?" Baba yenu akasema, "Ya ng'ombe." "Ng'ombe wa nani?" "Wanaokuja." Wakacheka mpaka kofia zikaanguka. "Mzee, so it is not yours?" Akasema kwa kiburi kabisa, "Si yangu, na wala si ya mtu." Alirudi nyumbani akifurahi, akaniambia, "Adero, nimewafunga midomo, hakuna atakayepauza pale." Masikini. Kwao kitu kisicho cha mtu ni kitu kisicho na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha baraza, na cha baraza ni cha yule anayeketi karibu na mwenyekiti. Baba yenu hakujua. Lakini wewe, Joram, ndiye uliyesimama kando yake siku ile ukimtafsiria Kiingereza! Ulijua baba yako alimaanisha nini. Ukasubiri afe, ukaingia barazani, ukachukua kile walichoandika wao.

Usiseme development. Ooyo, hapana. Umesema neno hilo tangu ulipoingia, na sijaona hata bomba moja. Development gani inamfanya mjane kutoka Sondu alipe ili mbuzi wake alambe jiwe?

Na nikueleze kingine ambacho kimenikaa kooni. Mwaka wa sitini na tisa, risasi zilipolia Kisumu na watu wakaanza kutazamana puani kujua nani wa wapi, Enos aliniletea msichana huyu, binti wa Mathenge, Mkikuyu aliyekuwa na duka la nguo mjini. Ulisimama mlangoni, Joram, ukasema, "Mama, mrudishe kwao, atatuletea matata." Watu walikuwa wamejaa uani, wengine na mawe. Mimi sikuwa na bunduki wala Kiingereza. Nilitia magadi kiganjani, nikamwambia Wamucii atoe ulimi mbele yao wote, nikalamba naye. Nikasema, ameshalamba, anayemtaka aanze na mimi. Wakaondoka mmoja mmoja, wakijifanya wamekumbuka ng'ombe zao. Magadi yale uliyoyafungia ndiyo yaliyomwokoa aliyekupikia leo.

Ngoja... Ngojeni nipumue.

Basi. Nyumba hii ni ya Enos. Ng'ombe mweusi na vyungu ni vya Wamucii. Jembe langu dogo, lile linalotangulia kuvunja mwamba msimu ukianza, najua desturi yetu inasema liende kwa mke wa mtoto wa kwanza, lakini, Joram, mkeo Benta akigusa magadi ananawa kwa sabuni ya manukato mara mbili, kwa hiyo nalo ni la Wamucii. Wakisema Mkikuyu hawezi kufungua msimu wa Wajaluo, waambieni Adero alikuwa na akili zake timamu, na alikuwa na hasira. Enos, acha kukaa kwenye kiti kusubiri barua kutoka Nairobi. Ulisomeshwa kuandika. Andika jibu ambalo baba yako alipaswa kuandikiwa siku ile: mahali hapa pana wenyewe, ni wote wanaokuja. Peleka kwa mkuu wa wilaya, simama hapo mpaka akuone.

Sogea, Enos mwanangu. Toa ulimi, ulambe magadi. Wewe pia, Wamucii. Nyasaye, Mungu wetu, awape chakula chenye ladha, awape wageni wa kukila, watoto wenu wasiogope kuteremka wala kupanda. Nimewabariki. Mmesikia? Sauti yangu... nimewabariki.

Joram. Donge lako la magadi hili hapa. Silitii ulimini mwako. Nalifumbia ngumi, na kama utanikuta nimepoa, wasinikunjue vidole mpaka uwe umerudi. Mkono wa mtoto wa kwanza ndio unaotupa udongo wa kwanza juu ya mama yake, lakini mkono uliofunga lango lile usinitupie kitu. Mpaka arudi msinizike, nilazeni tu hapo chini ya paa, ninuke, waje wale madiwani wenzako watatu waliotia sahihi bonde lifungwe, wajue harufu ya kazi yao.

Kibuyu kiko nyuma ya mlango. Acha gari. Nenda na mguu wako bondeni, wewe na wenzako, ng'oeni seng'enge kwa mikono yenu, mchana, watu wakiona. Kijaze. Kisha umpandishie arap Chumo peke yako, bila askari, uufungue mkono wako wenye magadi mbele ya yule kijana uliyemvunjia wake, na umwombe alambe.

Inuka, Joram. Inuka sasa, kabla hawajateremka na mishale.